Mtumbwi wa Mtu Mmoja

Ujumbe kwamba Mzee Nthiga amefariki ulinifikia nikiwa kwa kinyozi hapa Dallas, mtaa ninaoishi mjini Embu, shingo imefungwa kitambaa na upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa. Uliandikwa katika kundi la simu la wanafunzi niliowafundisha zamani karibu na Runyenjes, watu wazima sasa, baadhi yao wana wajukuu. Niliusoma mara mbili. Kinyozi akaniuliza kama apunguze na ndevu, nikamwambia apunguze. Nilikaa pale nikimtazama kwenye kioo mzee mwenye kichwa nusu, nikingoja kitu kinipate, huzuni au hata ahueni, na hakuna kilichokuja. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo kati yangu na familia ile. Watu wakiniuliza habari za ujana wangu huwa nawasimulia miaka ya chuo, au miaka ya baadaye nilipokuwa mwalimu mkuu. Mwaka mmoja huwa nauruka. Huo ndio ninaouandika hapa, kwa kuwa Mzee Nthiga sasa amezikwa, na kwa sababu ya maneno niliyoambiwa na mjane wake siku ya mazishi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, Mmeru kutoka Nkubu aliyetumwa kufundisha jiografia kwa Waembu, na nilikuwa na bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuomba ruhusa. Nilitaka wanafunzi wa klabu yangu waone kwa macho yao jinsi Mto Tana ulivyozuiwa ukawa bwawa, kule Mbeere chini ambako jua linachoma, mbali na mashamba ya chai na kahawa waliyoyazoea. Tulifika salama, tukachora ramani, tukala mkate na soda kivulini. Igoki, binti wa Nthiga, alikuwa na miaka kumi na minne. Alikaa dawati la pili, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa mno hata ukapanda mstari wa juu. Alisema anaenda kunawa mikono nyuma ya mwamba. Nikamwambia asikawie. Mwenzake alipopiga kelele nilikimbia, na nyuma ya mwamba hapakuwa na mtu, palikuwa na maji tu, na duara juu yake lililokuwa likipanuka polepole. Niliingia mpaka kifuani. Hapo nikasimama, maana sikujua kuogelea. Nakumbuka kwamba maji yalikuwa vuguvugu. Wavuvi walimtafuta siku tisa kwa nyavu na kamba, kisha wakaacha. Wengine walisema mamba, wengine walisema mkondo wa chini umempeleka mbali. Wakubwa wa elimu walikaa, wakaandika kwamba sikuwa na kosa, kisha wakaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Kwa hiyo sikuwa na kosa na sikuwa na darasa.

Badala ya kwenda kwetu Nkubu nilirudi bwawani. Siwezi kusema kwamba niliamua. Nilifunga baiskeli yangu juu ya gari, nikaweka sanduku miguuni, na gari lililokuja kwanza lilikuwa la kuteremka. Pale ufukweni, karibu na mahali samaki wanapouzwa, mama mmoja wa Kimbeere aitwaye Mama Ruguru alikuwa na hoteli ya mabati na vyumba viwili nyuma yake. Nikachukua kimoja. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na ukuta wa bati uliokitenganisha kichwa changu na meza za wateja, kiasi kwamba nilisikia kila kijiko kilipogonga sahani. Asubuhi alipika uji wa mwere, yaani mawele. Mchana ilikuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, au samaki wa kukaanga na ugali mgumu. Wavuvi walikaa hapo wakitafuna muguka, ule wa jamii ya miraa, shavu moja limevimba kwa majani, wakinizungumzia bila kujua kwamba niko upande wa pili wa bati.

"Ndiye yule mwalimu."

"Sasa anataka nini hapa?"

"Labda anangoja maji imrudishie mtoto."

"Maji hairudishi mtu kwa kungojewa. Aende kwao Meru."

Kisha sauti ya Mama Ruguru, kutoka kwenye moto: "Wacheni yeye. Amewakosea nini? Kuleni mwende kazi."

Nilisikia hayo nikiwa nimelala chali, na hayakuniuma. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi kwenye fizi, anayejua kwamba chuma kiko kinywani na jino linavutwa, ila anasikia mvuto tu. Leo naelewa kwamba ganzi ile ndiyo iliyoniwezesha kufanya nilichofanya. Kijana mwenye akili zake timamu, asiyejua kuogelea, asingeingia peke yake kwenye maji yenye viboko.

Wazo lilikuja hivi. Wavuvi walikuwa wametafuta karibu na pale, lakini bwawa lile lina mikono mingi, mabonde yaliyojaa maji na kuzunguka nyuma ya vilima mpaka mahali ambapo hakuna nyumba wala njia, pori tupu la miiba. Niliwaomba wanipeleke huko. Mmoja alisema ana nyavu za kutega. Mwingine alisema wazi kwamba kunibeba mimi ni kubeba mkosi. Basi nikaenda kwa Fundi Okello, aliyekuja kutoka upande wa ziwa enzi bwawa likiwa jipya, na ambaye mitumbwi yote ya ufuko ule ilipita mikononi mwake. Nilimkuta bandani akiziba ufa kwa pamba na lami.

"Unataka mtumbwi ya kufanya nini, mwalimu?"

"Ya kuzunguka."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Akaacha kuziba. "Siku moja ama siku mingi?"

"Siku nyingi. Nilale huko."

Hakuniuliza natafuta nini. Alisimama, akanipeleka penye mitumbwi iliyokuwa imefunikwa kifudifudi mchangani. Mimi nilielekea moja kwa moja kwenye ule mrefu, wa watu wawili, kwa kuwa ulionekana imara. Okello akatikisa kichwa. Akasema mtumbwi wa watu wawili ukiingia peke yako, ukae nyuma, pua yake inapanda juu, na upepo wa saa nane ukiikamata unakugeuza kama mlango. Uliofuata ulikuwa wa faiba, mwembamba, wa buluu, ulioachwa na watalii. Huo ulikuwa mwepesi, na mimi nikaupenda. Akanitia ndani yake kwenye maji ya magotini, akaniambia nipige chafya. Nilipojifanya kupiga chafya tu ukalala ubavu na nikaanguka. "Hii inakimbia," alisema huku akinivuta kwa mkono, "lakini ukiwa umechoka itakumwaga. Na ikipasuka huko ndani utaishona na nini?" Wa tatu ulikuwa mfupi, wa mbao nyembamba zilizopigiliwa misumari ya shaba, tumbo lake si bapa kama karai wala si duara kama gogo, limejikunja kidogo kama kiganja kinachoteka maji. Aliniambia niuinue. Niliuinua mpaka gotini, nikauweka begani kwa shida, nikatembea nao hatua kumi. Akaniambia nilale ndani. Nililala, miguu ikatosha. Akaniambia nipige magoti katikati, nishushe mikono pande zote mbili. Vidole viligusa maji bila mimi kuinama.

"Basi hiyo ni yako," alisema. "Ile hauwezi kuinua peke yako, si yako. Ile inataka uiname ndio ufikie maji, si yako. Kukimbia utajifunza baadaye."

Nikampa baiskeli yangu, akanipa mtumbwi na kasia moja. Kisha ukaanza mwezi wa kuchekwa. Mtu aliye peke yake anapiga kasia upande mmoja, na kila pigo linaisukuma pua upande wa pili, kwa hiyo siku ya kwanza nilichora miduara mbele ya hoteli mpaka Mama Ruguru akatoka na mwiko mkononi kutazama. Okello alisimama majini akinifundisha: piga, na pigo linapofika kiunoni pindua kiganja, kasia isukume maji nje kidogo, kama mtu anayefunga droo kwa nyuma ya mkono. Ilinichukua siku kumi na nane kwenda mstari ulionyooka. Alinifundisha kukaa nyuma kidogo ya katikati na kuweka mtungi wa maji ya kunywa na gunia la unga mbele yangu, ili pua isipande. Alinifundisha kuvuka mapema asubuhi, na baada ya saa sita kuambaa ukingo, kwa kuwa upepo wa mchana unainua mawimbi ghafla. Alinifundisha kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia nikikaribia matete, viboko wajue kwamba naja, na nisipite kamwe kati ya kiboko na kina kirefu. Kuteremka ni kwenye mwamba, si kwenye tope, kwa sababu ya mamba. Na wiki mbili za mwisho, bila kunieleza sababu, alinifundisha kuogelea.

Safari zangu zilikuwa za siku tatu au nne. Niliondoka Jumatatu kukipambazuka, nikaingia mkono mmoja wa bwawa, nikaambaa ukingo wa kushoto hadi mwisho, nikarudi kwa ukingo wa kulia. Penye miti iliyokufa, ile iliyofunikwa na maji ikabaki imesimama mikavu na myeupe, nilipita polepole nikitazama chini kati ya vigogo. Mahali fulani mikono miwili ilitenganishwa na kigongo chembamba cha ardhi, nikavuta mtumbwi kukivuka badala ya kuzunguka nusu siku. Nilipika uji kwenye kopo. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na sikutamani kuzungumza. Niliona tai wa samaki, niliona swala wakija kunywa, niliona jua likizama kwa rangi ambazo mtu mwingine angeziandikia barua nyumbani. Niliziona kama mtu anavyoona kalenda ukutani.

Mzee Nthiga alikuja mara ya kwanza mwezi wa tatu tangu nifike pale. Niliporudi ufukweni Jumamosi moja, baada ya safari iliyochelewa siku mbili, nilimkuta ameketi kwenye benchi la Mama Ruguru, kofia gotini, na furushi la magimbi, nduma kama wanavyoyaita kwao, kando yake. Nilidhani amekuja kunipiga, na nikaona ni sawa. Nilivuta mtumbwi, nikamsalimu, nikabaki nimesimama.

"Kaa, mwalimu," alisema. Akasogeza furushi kunipa nafasi. "Umeenda upande gani?"

Nikamweleza. Mkono wa tatu, ule wenye kilima cha mawe mawili. Akaitikia kwa kichwa. Mama Ruguru akaleta samaki, tukala kutoka sinia moja, yeye akichambua miiba kwa utaratibu na kuipanga ukingoni. Tulitumia Kiswahili, kwa kuwa Kimeru changu na Kiembu chake havikukutana vizuri, na sisi sote wawili Kiswahili chetu kilikuwa cha shule na soko, hakikuwa na maneno ya jambo lile. Alipomaliza alinawa, akavaa kofia, akasema, "Nduma ni yako." Tangu hapo alikuja kila Jumamosi ya pili. Daima aliuliza swali lile moja. Hakuniambia kamwe kwamba amenisamehe, wala kwamba hajanisamehe. Nami sikuomba. Wakati mwingine nawaza kwamba hakuna mtu niliyewahi kukaa naye kwa ukaribu kama ule, na sijui hata alipenda chai ya namna gani, maana pale tulikunywa turungi kwa kuwa maziwa hayakuwepo.

Mwezi wa saba, katika mkono wa mbali kabisa, mahali maji yalipokuwa yamepungua na kuacha ukingo wa tope kavu, niliona kitu cha kijani kimenasa kwenye mzizi. Nilijua kabla sijafika. Ilikuwa sweta ya shule, imefifia, mkono mmoja umegeuka nje. Ndani ya shingo, kwa uzi mwekundu, mtu alikuwa ameshona herufi I na N. Niligonga mtumbwi, nikasikiliza, nikateremka. Nilitembea ukingo ule wote hadi jua likawa kichwani, nikachimba kwa kasia, nikatazama chini ya kila mzizi. Hapakuwa na kitu kingine. Niliifua sweta, nikaianika juu ya mwamba, nikakaa kando yake mpaka ikakauka. Nilijaribu kufikiri juu ya mtoto. Nilichofikiria ni kwamba mshono ule wa shingoni ulikuwa wa mtu mvumilivu.

Niliirudisha ndani ya gunia la unga na kuificha chini ya kitanda changu. Ilikuwa Alhamisi, na Mzee Nthiga angefika Jumamosi. Siku mbili hizo nilipanga maneno. Mzee, nimepata kitu. Mzee, naomba uketi. Alifika mapema kuliko kawaida, na safari hii hakuleta furushi. Alikuwa amevaa koti. Hakukaa.

"Mwalimu," alisema, "tulimzika juzi."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba wamezika mgomba badala ya mwili usiopatikana, wameukata kwa urefu wa Igoki, wakauvika gauni lake la kanisa na kuuweka kwenye jeneza. Mchungaji hakupenda, lakini alikuja akaomba. "Kaburi liko. Kuna msalaba. Sasa usimtafute tena."

Gunia lilikuwa hatua nne kutoka aliposimama. Nilisikia mwiko wa Mama Ruguru ukisugua sufuria. Ningeweza kusema neno moja.

"Sawa, mzee," nikasema.

Alinipa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kupeana mikono. Kisha akaenda zake kupanda gari, nami nikabaki nikijiuliza kama nimesamehewa au nimefukuzwa, na nimejiuliza hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Jumatatu nilirudi ule mkono wa mbali. Nilipanda kilima kilicho juu yake hadi mahali ambapo maji hayafiki hata mvua ikizidi, nikachimba chini ya mti mmoja wa mgunga, nikaiweka sweta, nikapanga mawe. Sikumwambia mtu yeyote, hata Okello. Miezi iliyobaki niliendelea kuzunguka bila kutafuta, kwa kuwa mwili ulikuwa umezoea kuamka Jumatatu na kupiga kasia. Barua ya kuniita kazini ilipofika, ya shule nyingine, upande wa kwetu Meru, nilimrudishia Okello mtumbwi wake. Aliupapasa tumboni kutafuta nyufa, akasema nimeutunza. Wiki iliyofuata nilikuwa mbele ya ubao nikieleza jinsi mito inavyochimba mabonde. Watoto waliandika. Nilifundisha miaka yangu yote iliyobaki, na sikuwahi kumpeleka mwanafunzi popote nje ya lango.

Basi nilikwenda mazishini. Kulikuwa na mahema mawili na kipaza sauti, na mtu alisoma maisha ya marehemu, akataja watoto wake wote, na Igoki akamtaja kwa sentensi moja. Baada ya kaburi kufunikwa, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, mwanamke kijana alinifuata akaniambia cucu, yaani bibi yake, ananiita. Mama Igoki alikuwa ameketi kwenye chumba cha nyuma, miguu imefunikwa leso, sahani ya wali na nyama kando yake haijaguswa. Alimtuma yule kijana nje.

"Umezeeka, mwalimu."

"Nimezeeka, mama. Pole."

"Mzee alikuwa anakuja kwako. Akirudi, kabla hata atoe viatu, ananiambia umeenda wapi. Mkono huu, kilima ile. Yeye alikuwa anapata usingizi hiyo siku. Mimi nilikuwa sipati." Alinyoosha leso juu ya magoti. "Ni mimi nilisema tuzike mgomba. Yeye hakutaka. Angekuacha utafute mpaka leo. Nilimwambia akukataze, akakuja kukukataza. Unajua ni kwa nini?"

"Hapana, mama."

"Niliogopa utampata. Nilikuwa nimemshika kichwani vile alitoka nyumbani asubuhi. Sikutaka uniletee mwingine."

Nje walikuwa wakiimba wimbo wa kanisa, nusu yao vinywa vimejaa. Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeishi maisha yote nikiamini kwamba maneno yale ya mzee, nisimtafute tena, yalinihusu mimi.

"Sasa mzee ameenda," alisema. "Mimi pia sikawii. Siogopi tena. Niambie. Ulipata kitu?"

Ningeweza kusema hapana, na angeniamini. Nilikuwa nimejizoeza hapana hiyo kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi waliokuwa kwenye foleni.

"Sweta," nikasema. "Sweta peke yake. Ilikuwa na herufi mbili kwa uzi mwekundu."

Hakupiga kelele. Alifumba macho, akafumbua. "Uliiweka wapi?"

Nikamweleza kilima, mti, mawe, na kwamba maji hayafiki.

"Uliifua?"

"Niliifua, mama. Ikakauka juani."

"Uliikunja?"

"Niliikunja."

"Mikono ikawa ndani?"

"Mikono ikawa ndani."

Wimbo ule ukaisha na mwingine ukaanza. Kisha akanyoosha mkono kuelekea sahani. Haikuwa karibu naye vya kutosha, kwa hiyo niliinuka nikamsogezea. Akala polepole, mpaka sahani ikabaki tupu, nami nikakaa naye.